Mwaka wa Makofi ya Mkwe

Tulipomaliza kumzika mama mdogo Tabita, wajukuu walikaa uani kwake hapa Tunduma, wakala ugali na maharage kwenye sahani za kukodi, wakaanza kuuliza maswali ambayo sisi wakubwa tulikuwa tumeyakwepa miaka yote. Kwa nini binti wa Mbozi, mwenye ndugu wengi na mashamba ya kahawa kwao, alizeeka peke yake katika nyumba hii ya karibu na mpaka? Mume wake alikuwa nani? Walikosana nini? Mmoja wao, msichana anayesoma chuo, alisema kwa uhakika wa umri wake, "Lazima kulikuwa na mwanamke mwingine." Nikacheka, ingawa ilikuwa siku ya msiba. Nikamwambia hapakuwa na mwanamke mwingine, palikuwa na mkoa. Wakanitazama kama mtu aliyechoka kwa mkesha. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote, nami naijua sura ya mwanafunzi ambaye hajaelewa lakini anaona haya kuuliza tena. Kwa hiyo naandika haya polepole, kwa ajili yao, na kwa yeyote atakayependa kukaa nasi.

Tuanze na ramani, maana bila ramani huwezi kumwelewa mtu yeyote katika habari hii. Siku hizo nchi yetu iliitwa Tanganyika, nayo ilitawaliwa na Waingereza kwa udhamini, yaani walikabidhiwa waitunze, haikuwa mali yao. Ng'ambo ya Tunduma, Waingereza walewale walikuwa na nchi nyingine, Rodeshia ya Kaskazini, na huko wazungu wenye mashamba na migodi walikuwa na sauti kubwa zaidi serikalini. Sasa, katika nyanda zetu za juu walikuwapo walowezi, wazungu waliopewa ardhi wakalima kahawa na chai. Baadhi yao waliona kwamba Tanganyika siku moja itarudi mikononi mwa wenyeji, wakaanza kudai kwamba mkoa wetu ujitoe Tanganyika, uungane na wenzao wa kusini. Hilo ndilo jambo lenyewe, wala halina ugumu zaidi ya hapo. Mkoa ukatwe kama fundi anavyokata kipande cha kitambaa. Ugumu ulikuwa kwamba ndani ya kipande hicho kulikuwa na watu, na watu hao hawakuwa na jibu moja.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nikisubiri nafasi ya kusomea ualimu, na nyumbani waliona ni heri nikamsaidie mama mdogo kulima kuliko kukaa bure. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili na sebule, na sebule hiyo ilikuwa na dirisha moja lililotazama barabara kuu. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, ukuta wake wa miti haukufika juu, kwa hiyo aliyekuwa akisonga ugali wa ulezi alisikia kila neno la sebuleni bila kutaka. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu ya siasa, machozi ya moshi yakinitoka. Mume wa mama mdogo, baba mdogo Yeremia, alikuwa Mnamwanga, kabila lililokatwa na mpaka likawa pande zote mbili, fundi seremala, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyewahi kufanya kazi migodini kusini kabla ya kuoa. Alimpenda mkewe waziwazi kuliko ilivyokuwa desturi. Akirudi kazini alimletea uyoga ndani ya kofia yake, na wageni walimcheka. "Yeremia, mukwai," walisema wale wa ng'ambo kwa Kibemba chao cha heshima, "kofia ya mwanamume ni ya kuvaa." Naye akawajibu, "Kichwa changu hakiliwi. Uyoga unaliwa."

Kila mtu aliyepita alikuwa na neno kuhusu mkoa. Wauza chumvi waliotoka Ivuna walitua mizigo yao kivulini mwa nyumba, wakaomba maji. Namkumbuka mama mmoja wao, mnene, mwenye mdomo usiotulia. "Eti nchi inakatwa," alisema. "Sasa Ziwa Rukwa litakwenda upande gani? Maana mimi nafuata chumvi yangu. Wakiipeleka Ulaya, nitakwenda Ulaya." Mama mdogo akacheka hadi akashika ukuta. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baba mdogo hakucheka. Alikuwa akipiga randa ubao, akaacha, akasema, "Wewe mama unaweza kufuata chumvi. Mimi nitamfuata nani, ikiwa mama yangu mzazi yuko upande mwingine, naye amelala chini?"

Kisa hicho cha mama yake lazima nikieleze, kwa sababu ndicho kilichomfanya aseme aliyoyasema baadaye. Mama yake alifariki ng'ambo, mwendo mfupi tu kutoka Tunduma. Kwao, mtoto wa kwanza haendi kumzika mama yake mikono mitupu. Hupeleka ng'ombe, na ng'ombe huyo huchinjwa siku ya maziko. Mtoto asipomleta, ni kana kwamba anasema hakuwahi kunyonya. Baba mdogo alimswaga ng'ombe wake hadi kwenye kizuizi cha mpakani, na walinzi wakamzuia mnyama, kwa kuwa kulikuwa na karantini ya ugonjwa wa mifugo. Yeye mwenyewe walimruhusu apite. Wewe na mimi leo tungesema, mwache ng'ombe, kimbia ukamzike mama. Yeye alikaa na kamba mkononi akisubiri kibali, maana kwenda bila ng'ombe hakukuwa kwenda. Kibali kilipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Tangu siku hiyo aliuchukia mpaka kama mtu anavyomchukia mtu mwenye jina na uso. Walowezi waliposema mpaka wa Tunduma ufutwe, yeye hakusikia habari za mashamba wala za utawala. Alisikia kwamba kizuizi kitaondolewa.

Mama mdogo alisikia mengine. Baba yake, yaani babu yangu Nzunda, alikuwa na kahawa karibu na Nanyala, na shamba lake lilipakana na la mlowezi. "Yeremia," alimwambia jioni moja tukila kunde na samaki wakavu, "si wewe uliyenisimulia dirisha la bucha? Kwamba kule Mwafrika haingii dukani, anasimama nje, anapokea nyama kupitia tundu, tena asiyoichagua?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka dirisha hilo lije Mbozi, baba yangu asimame hapo na fimbo yake?"

Baba mdogo akanawa mikono taratibu. "Tabita, dirisha nalijua. Nimesimama hapo mimi, si wewe. Lakini ukiniuliza kipi kiliniuma zaidi, dirisha au ile kamba ya ng'ombe, nitakujibu nini?"

Hakukuwa na hasira katika sauti zao, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa kila nikumbukapo. Nimesikia mijadala mingi tangu wakati huo, redioni na bungeni, watu wakitukanana, na kila mara nawaza kwamba matusi yana nafuu yake, kwa sababu mwenye kutukana anaweza kuomba radhi. Wale wawili hawakuwa na cha kuombana radhi. Kila mmoja alisema kweli, na kweli ya mmoja haikuipunguza ya mwenzake hata kidogo. Baada ya chakula mama mdogo alimkatia kipande cha boga lililobaki, akamsogezea, naye akala. Mimi nikakusanya sahani nikidhani mambo yamekwisha.

Ilipofika majira ya baridi, mavuno yakiwa ghalani, tulisikia kwamba maofisa watakuja upande wa Mbozi kusikiliza maoni ya wenyeji kuhusu mkoa. Tulipanda lori sote watatu tukaenda kwa babu. Babu Nzunda alikuwa mzee mfupi mwenye utani, na kwa kuwa mimi ni mjukuu, aliniita mke wake. "Umekuja, mke wangu? Umenenepa. Tunduma wanakulisha vizuri kuliko mimi mumeo." Lakini jioni hiyo wazee wenzake walijaa nyumbani, wakaketi kuzunguka moto, wakakubaliana bila ubishi: mkoa usikatwe. Mjomba Enoki, kaka yake mama mdogo, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Wakituuliza, tuseme hapana, halafu tunyamaze," alisema. "Maneno mengi ndiyo yanayotuponza." Baba mdogo alikuwapo, amekaa mbali kidogo kama mkwe anavyopaswa kukaa, hakuulizwa wala hakusema.

Hapa lazima nieleze desturi ya makofi, vijana mnisikilize vizuri. Kwetu Unyihani, yaani kwa sisi Wanyiha wa Mbozi, na kwa Wanamwanga pia, makofi ni salamu. Unakunja viganja kidogo kama mtu anayetaka kukinga maji, unavigonganisha taratibu, sauti yake nzito na ya chini. Unamsalimu hivyo mkubwa, unashukuru hivyo chakula. Na mkwe akisema jambo mbele ya watu, wakwe zake humpigia makofi hayo, hata kama hawakubaliani na neno lake hata moja. Maana yake ni kwamba tumekusikia, wewe ni mtu wetu, hatukuaibishi mbele ya wageni. Mkwe kusema kisha kukawa kimya ni fedheha kubwa sana, na inampata binti yao pia.

Baraza lilifanyika uwanjani kando ya barabara kuu. Ofisa wa serikali alikaa mezani pamoja na mkalimani wake, kijana mstaarabu aliyetoka mbali, aliyejua Kiswahili lakini si lugha yetu wala desturi zetu, na nyuma yao waliketi walowezi wachache. Mambo yalikwenda vizuri mwanzoni. Wazee waliitwa, wakasema hapana kwa ufupi, wakakaa. Kisha ofisa akauliza kama yupo mtu aliyeishi pande zote mbili za mpaka, na baba mdogo Yeremia akasimama. Mama mdogo aliyekuwa kando yangu alinishika kiwiko. Baba mdogo hakusema habari za walowezi. Alisimulia habari za ng'ombe na kamba. Alisimulia mlinzi aliyemwambia, "Pita wewe, mnyama abaki." Akamaliza hivi: "Kama kuna njia ya kuuondoa mstari huu, mimi naitaka njia hiyo, hata ikiwa ni hiyo ya kukata mkoa." Akabaki amesimama, kofia mkononi.

Uwanja ulikuwa kimya. Nilimwona babu Nzunda, mstari wa mbele, akitazama ardhi. Najua alichokuwa akikipima, kwa sababu kila mtu wa kwetu pale alikuwa akikipima pia. Mkwe wake amesimama mbele ya wageni, na neno lake linaanguka. Babu akaweka fimbo chini, akakunja viganja, akapiga taratibu. Wazee wengine wakamtazama, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao, wakamfuata. Sauti ile nzito ikajaa uwanjani. Ndipo mlowezi mmoja nyuma ya meza akainuka akitabasamu, akapiga makofi ya kizungu, ya wazi na ya kasi, na wenzake wakamfuata, na ofisa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefunuliwa jambo.

Mjomba Enoki akaruka. "Hapana, bwana! Hayo ni makofi ya mkwe!"

Watu wakacheka, maana kwetu ilikuwa kichekesho kwamba jambo hilo lahitaji kuelezwa. Mkalimani akakuna kidevu, akatafsiri, nasi tuliojua Kiingereza kidogo tulimsikia: anasema wazee wamempongeza mkwe wao. Ofisa akacheka naye. Kupitia kwa mkalimani akasema anafurahi kuona hata ndani ya familia watu wamebadili mawazo baada ya kusikia ushahidi, na kwamba amejionea mwenyewe hisia za wazee. Babu akanyanyuka na kusema kwa Kinyiha, kwa sauti ya juu, kwamba wao wamekataa. Mkalimani hakujua Kinyiha. Viti vilikuwa vimeshaanza kukunjwa.

Nyumbani kwa babu jioni hiyo palikuwa na kuku, viazi na ugali, na hakuna aliyegusa. "Nimempigia mkwe," babu alisema, akirudia kama mtu anayejifunza somo, "wao wameniandikia nchi." Mjomba Enoki akamgeukia baba mdogo. Alimtaka aende kwa ofisa kesho yake akaseme kwamba wazee wamekataa, na kwamba aliyoyasema yeye yalikuwa upuuzi.

"Nitakwenda kusema wazee wamekataa," baba mdogo alijibu. "Hiyo ni kweli, na kosa limetokea kwa ajili yangu. Lakini shemeji, sitasema mama yangu ni upuuzi."

"Hakuna aliyemtaja mama yako!"

"Mimi nimemtaja. Mbele ya watu wote."

Alikwenda kweli. Aliondoka asubuhi kwa miguu, akarudi jua likitua, viatu vimejaa vumbi. Walimwambia baraza limefungwa na maoni yamekwisha kupelekwa mbele, na kwamba mtu hawezi kutoa ushahidi kisha kuuondoa. Alipowaeleza hayo, mjomba Enoki alisema, "Ulikwenda kunywa chai na mlowezi." Nilimtazama babu, nikitumaini atamkemea mwanawe. Hakumkemea. Alisema tu kwamba binti yake atabaki Mbozi mpaka jambo hili lijulikane mwisho wake. Wala hakumwita mkwe tena. Alimwita "yule wa Tunduma". Mama mdogo alilia, lakini hakubishana na baba yake. Kwa malezi yetu hilo halikuwezekana. Na mimi nikabaki naye kumsaidia kuchuma kahawa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Tulichuma, tukamenya, tukaanika kahawa kwenye mikeka, na kila lori lililosimama barabarani mama mdogo aliinua kichwa. Baba mdogo alikuja mara kadhaa, akasimama mwisho wa uwanja, akapiga makofi ya hodi, na hakuna aliyemjibu. Sijui kama ninyi mnaweza kufikiria jambo hilo. Si kwamba alitukanwa wala kufukuzwa. Watu waliendelea kuanika kahawa. Akasimama mpaka kivuli chake kikafika kwenye mikeka, kisha akaondoka. Safari ya mwisho mama mdogo alifanya kama anakwenda kisimani, akampa boga barabarani, wakazungumza kidogo. Aliporudi nilimuuliza wamesemaje. "Anauliza kama nakula vizuri," akasema.

Na habari za mkoa? Zilikufa. Mvua zilipokaribia, karani mmoja aliyepita Nanyala alituambia, huku akila karanga, kwamba jambo lile halikwenda popote, wakubwa hawakulitaka tangu mwanzo kwa sababu ya ule udhamini, na maoni ya mabaraza yetu pengine hayakusomwa na mtu. Hakuja ofisa kututangazia. Babu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo makofi yangu hayakuwa na uzito wowote?" Karani akasema hapana mzee, usiwe na wasiwasi. Alidhani anamfariji.

Siku iliyofuata babu alimruhusu mama mdogo arudi kwa mumewe, nami nikamsindikiza. Tulimkuta baba mdogo nyumbani. Alitupokea vizuri, akatuwekea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akapika, maana alikuwa amezoea kujipikia. Lakini zana zake za useremala zilikuwa sandukuni, na sebule ilikuwa tupu. Nikiwa jikoni nikiosha vyungu, niliwasikia kupitia ukuta ule ule.

"Twende wote," alimwambia. "Kule wataniuliza mimi ni nani, nitataja ukoo wangu, basi. Huku nikipita njiani watu wanatazama pembeni."

"Baki, Yeremia. Baba ameruhusu."

"Amekuruhusu wewe. Je, amenipigia mimi makofi?"

Mama mdogo akasema, "Nikivuka na wewe, atasema nimekwenda kwa walewale. Atakufa na hilo."

"Najua."

"Basi baki."

"Siwezi, Tabita. Twende."

"Siwezi."

Walisemezana hivyo kwa upole, kama watu wawili wanaokaribishana kupita mlangoni kwanza. Nilitamani mmoja apige kelele. Asubuhi tulimsaidia kubeba sanduku hadi kizuizini. Mlinzi alilifungua, akatazama randa na misumeno, akamwambia apite. Mama mdogo alisubiri mpaka hakuonekana tena, kisha akarudi, akachukua jembe, akaenda shambani, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na ulezi haukuwa umepandwa. Nilimuuliza kama atarudi Mbozi nami. Akasema nyumba hii ni ya Yeremia, haiwezi kuachiwa paka. Baba mdogo alifia migodini miaka mingi baadaye. Habari zake zilifika msimu mwingine kabisa, wakati hata matanga yalikuwa yamekwisha.

Mimi nilipanda lori peke yangu kwenda kumweleza babu. Njia ilikuwa ya matope, nasi abiria tulikaa juu ya magunia. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Nanyala, mwenye kikapu cha mahindi ya bondeni ya kuchoma, ambaye hakunijua wala hakujua kwetu. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tunduma. "Na ule mjadala wao wa kukata mkoa umeishaje, mwanangu? Sisi huku tunasikia nusunusu."

"Umekwisha, mama. Mkoa haukatwi."

"Kweli? Kwa hiyo tumeshinda?"

"Tumeshinda."

Uso wake ukang'aa. Akawageukia abiria wengine, akawatangazia, na watu wakashangilia, wengine wakagonga bodi ya lori kwa furaha. Kisha akanitazama, akaona machozi, akadhani ni ya furaha au ya njaa, sijui. Akatoa hindi la moto kikapuni, akalipuliza majivu.

"Basi kula, mwanangu," akasema. "Kula, usilie."

Nikalipokea, nikala, kwa sababu kweli nilikuwa na njaa.